Pikapu, Tela na Milima ya Kusini: Tunachagua Gari, au Gari Linatuchagua?

Kuna mabishano yasiyoisha katika vijiwe vya Bombambili, hapa Manispaa ya Songea. Sio Simba na Yanga. Ni Hilux au Land Cruiser. Zamani mabishano haya yalikuwa ya watu wenye mahindi na mbao. Siku hizi yamepata jambo jipya. Tangu lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, ikamilike, vijana wanaongelea utalii wa Ziwa Nyasa. Kuna wanaosema watanunua karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu yenye kitanda na jiko, waivute kwa pikapu hadi ufukweni na kuikodisha kwa wageni. Wengine karavani wameiacha, wanataka tela la kawaida la kubebea mahema, jenereta na majokofu. Swali ni lile lile: ni pikapu gani itavuta mzigo huo milimani?

Wengi wanajibu kwa kutaja ukubwa wa injini, halafu wanaanza kurushiana maneno. Mimi naomba tupitie kwanza historia. Watu wamekuwa wakihangaika na mizigo kwenye milima hii kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila kizazi kilikuwa na jibu lake. Tukiyasoma majibu hayo vizuri, huenda tukanunua gari kwa akili kidogo kuliko tunavyofanya sasa.

Kwanza tukubaliane kuhusu milima yenyewe. Songea mjini tupo kama mita 1,150 juu ya usawa wa bahari, na Matogoro inatutazama, mahali ambapo mto Ruvuma unaanzia. Ukienda kaskazini unapanda na kushuka milima ya Lukumburu, halafu unaendelea kupanda hadi Njombe, zaidi ya mita 1,800. Ukienda magharibi unaingia nchi ya Wamatengo, nchi ya kahawa na ngoro, yale mashimo ya kilimo ambayo yasingebuniwa na watu wanaoishi tambarare. Kutoka Mbinga unateremka hadi ziwani, takriban mita 475 tu. Maana yake ndani ya kilomita 66 unashuka karibu mita 900, ukiacha vilima vya njiani unavyopanda na kushuka tena. Nitairudia namba hii baadaye, iweke akilini.

Gari la kwanza la milima hii lilikuwa kichwa cha mtu. Sisemi kwa utani. Sehemu kubwa ya kusini ilikuwa na mbung'o, na penye mbung'o ng'ombe wa kukokota mkokoteni hadumu. Kwa hiyo pembe, nguo, chumvi, bunduki na hata vitu vya wamisionari waliofungua Peramiho mwaka 1898 vilipita kwa mabega na vichwa vya wapagazi. Wakati wa vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, jeshi la Wajerumani nalo liliwategemea wapagazi. Mpagazi hakuulizwa kama mlima ni mrefu. Mzigo wake ulipimwa, akatwishwa, akaondoka.

Mwaka ule ule wa 1907 ambao moshi wa Majimaji ulikuwa haujatulia, ofisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, Ujerumani, akiwa na nia ya kuvuka Afrika hadi bahari ya Atlantiki. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, mwezi wa Mei 1909. Karibu miaka miwili! Vitabu vinamsifu Graetz kama shujaa wa magari. Lakini ulizeni petroli yake ilifikaje porini. Ilitangulizwa na kuwekwa njiani kwa jasho la Waafrika, na gari lilipokwama ni watu waliolivuta. Hilo ni somo la kwanza: gari halitembei peke yake. Nyuma ya kila gari kuna msururu wa watu na vitu vinavyoliwezesha kutembea, na msururu ukikatika, gari linakuwa chuma.

Baada ya Waingereza kuchukua nchi, malori yakaanza kufika kidogo kidogo. Mwaka 1936 ukaanzishwa ushirika wa NGOMAT, yaani Wangoni na Wamatengo pamoja, kwa ajili ya tumbaku ya moshi. Tumbaku ilikuwa na maana kwa sababu bei yake kwa kilo ilikuwa kubwa kuliko ya nafaka, hivyo iliweza kubeba gharama ya safari. Mahindi yasingeweza. Fikirieni hapo: mlima ndio uliochagua zao. Mkulima wa Songea hakulima kile ambacho ardhi ilikipenda zaidi, alilima kile ambacho usafiri uliweza kukitoa.

Na pale ambapo mazao hayakutoka, watu walitoka. Songea ilifanywa kuwa ghala la nguvukazi ya mashamba ya mkonge. Babu zetu walitembea kwa miguu kwa majuma hadi Tanga na Morogoro, ndio hao walioitwa manamba. Wenye mashamba walipoanzisha chombo chao cha kukusanya wafanyakazi, SILABU, mwaka 1944, malori nayo yakawa yanabeba watu. Kwa familia nyingi hapa, mtu wa ukoo aliyepanda gari kwa mara ya kwanza alilipanda akiwa yeye ndiye mzigo.

Halafu ikaja Land Rover. Ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha juzi tu na chuma kilikuwa adimu Uingereza, ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Kwetu ikawa bahati: alumini haioti kutu kama bati, na ikibonyea unainyoosha kwa nyundo. Ilikuwa na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, na gia ndogo za ziada za kutambalia mlimani. Bwana Shamba alikuwa nayo, Bwana Afya alikuwa nayo, DC alikuwa nayo, na misheni zilikuwa nazo. Ile ndefu iliyojulikana kama 109, maana inchi 109 ndiyo nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ikawa pikapu ya kijiji, gari la wagonjwa, na gari la maiti pia.

Je, ilikuwa na nguvu? Hapana jamani. Injini yake maarufu ya lita 2.25 ingechekwa leo na kijana mwenye gari dogo la kutembelea mjini. Lakini ilipanda, taratibu, kwa gia ndogo, na ilipoharibika karakana ya misheni iliweza kuifungua kwa spana chache. Mafundi wengi wa kusini, au walimu wa hao mafundi, walijifunzia kazi katika karakana kama zile za Peramiho. Somo la pili hilo: gari lililodumu milimani ni lile ambalo fundi wa karibu aliweza kulitibu. Lenye nguvu kuliko yote halikuwa na nafasi hiyo.

Sasa nije kwa wenzetu wa karavani, kwa sababu kuna anayedhani jambo hili ni geni Afrika. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni ya Airstream, aliongoza msafara wa karavani 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Zilikuwa zile karavani za alumini zinazong'aa kama sufuria mpya. Walipita Rhodesia, Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, wakamaliza Misri mwaka 1960 na kupiga picha mbele ya mapiramidi. Kila karavani ilivutwa na gari kubwa la Kimarekani, mengi yakiwa pikapu.

Picha za msafara ule ni nzuri sana, lakini ukizitazama kwa makini utaona pia matope, minyororo na watu wanasukuma. Mvua na milima ya Afrika haikuheshimu dola. Na walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: walikuwa wengi, karavani 41, na mafundi na vipuri vyao walisafiri navyo. Mmoja akikwama, wapo arobaini wa kumsaidia. Wewe wa Bombambili utakuwa peke yako kwenye kona, na mtoto wa mgeni anakuuliza tunafika saa ngapi.

Tukapata Uhuru. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ikabanwa, na barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia ikawa ya kufa na kupona. Malori ya mafuta yalianguka milimani kiasi kwamba wazungu waliibandika jina la barabara ya jehanamu. Lami ikaja, na reli ya TAZARA katikati ya miaka ya 1970, ikipita Makambako. Songea ikabaki pembeni, karibu kilomita 950 kutoka Dar, na kipande cha vumbi na matope katikati.

Hata hivyo Serikali ilikuwa imeweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Mkulima wa Songea alilipwa sawa na wa karibu na mji, na gharama ya kusafirisha ikabebwa na taifa. Ndipo Ruvuma ikaingia katika ile mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Miaka ya 1980 barabara ya Makambako hadi Songea ikawekwa lami kwa msaada wa Uingereza. Wazee wanasema siku zile ndiyo Songea "ilisogea". Mji haukuhama, ni mlima uliopunguzwa ukali.

Lakini lami ilifika wakati wa dhiki. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, fedha za kigeni hakuna. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Vipuri vilikuwa dhahabu. Ndipo madereva wengi walipokomaa katika tabia moja mbaya: kuweka nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Gari linateremka lenyewe, injini haifanyi kazi yoyote, breki zinabeba kila kitu. Shida ya mafuta ya miaka ile ilipita. Tabia ikabaki, ikarithishwa kutoka kwa dereva hadi utingo aliyekuja kuwa dereva. Utingo naye alikuwa na silaha yake, kipande cha gogo cha kuwekea gurudumu gari linaposimama mlimani. Ukiona gari linategemea gogo, ujue historia yake.

Toyota Land Cruiser ilikuwepo tangu miaka ya 1950, na Hilux ilianza mwaka 1968, ikapata toleo la magurudumu manne mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini kwetu milango ilifunguka hasa katikati ya miaka ya 1980, pale biashara ilipolegezwa na mwenye fedha zake za nje akaruhusiwa kuleta bidhaa. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yakamiminika. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida wa Songea, mwalimu, mfanyabiashara wa mahindi, mnunuzi wa kahawa, akawa na nafasi ya kuchagua gari mwenyewe. Kabla ya hapo tulichaguliwa: na DC, na misheni, na ushirika, na mfadhili. Hata Land Cruiser zenye mkonga tunazozisifu tulizizoea kwa sababu miradi na mashirika yalizileta kwa wingi, mafundi wakazijua, vipuri vikajaa. Ndiyo maana nauliza: tunachagua gari, au gari linatuchagua?

Haya, twende kwenye hesabu. Msikimbie, ni hesabu ya darasani.

Chukua pikapu ya tani 2.2 na tela la tani 1.3. Jumla tani 3.5. Kwenye mlima wa asilimia 6, yaani kila mita 100 unapanda mita 6, ukitaka mwendo wa kilomita 36 kwa saa unahitaji kilowati kama 20 kwa ajili ya kunyanyua uzito huo tu. Ukitaka kilomita 72, unahitaji kilowati 41. Sasa ile injini ya Land Cruiser ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, iliyoanza mwaka 1990, haina tabo, na ina kilowati kati ya 95 na 100 hivi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Ukifika Njombe umepoteza karibu moja ya tano. Hilux ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ina tabo inayosukuma hewa ndani ya injini, ilianza na kilowati 130, na hasara yake ya mwinuko ni ndogo zaidi. Kwa hiyo anayesema injini kubwa ndiyo hupanda vizuri zaidi, mlima unambishia. Ile kubwa itapanda, ila taratibu, kama Land Rover ya babu.

Lakini kupanda sio tatizo. Ukishindwa kupanda unasimama, unapakua, unalala njiani, unachekwa, unaishi. Kushuka ndiko kunakoua. Kumbukeni zile mita 900 za kutoka Mbinga hadi ziwani. Tani 3.5 zikishuka mita 900 zinaachia nishati ya kutosha kuchemsha karibu lita 100 za maji kutoka baridi hadi kutokota. Upepo na msuguano wa magurudumu hubeba sehemu. Zinazobaki lazima ziende ama kwenye injini, ukiwa na gia ndogo, ama kwenye breki. Ukiweka nyutro, umeamua kuchemsha pipa hilo kwenye breki zako. Zikipata moto kupita kiasi zinalegea, unakanyaga na gari haliitikii. Na tela lisilo na breki zake lenyewe linakusukuma nyuma, kwenye kona likitaka kukupita. Ndiyo maana kwa pikapu nyingi watengenezaji huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki, wakati lenye breki linaweza kufika kilo 3,500 kwa baadhi ya matoleo ya Hilux na kwa Land Cruiser ya 79. Gari ni lile lile, injini ni ile ile. Kinachobadilika ni breki za tela. Namba hizo mbili zinatosha kumaliza nusu ya mabishano ya kijiweni.

Na hapa nina hoja. Tela zetu nyingi huchomelewa mtaani. Fundi anachukua ekseli ya gari bovu, anaweka fremu, anapaka rangi, limekwisha. Mafundi wetu ni hodari na sitaki kuwadharau, maana bila wao kusini isingetembea. Lakini breki haziwekwi kwa sababu mteja hataki kulipia. Mteja huyo huyo amelipa mamilioni kwa pikapu yenye tabo! Amenunua nguvu ya kupanda, akakataa kununua nguvu ya kusimama. Na njia zenyewe haziko wazi tena. Makaa ya mawe ya Ngaka yanatembea kwa malori makubwa, kuna mabasi, kuna bodaboda, kuna akina mama wanaouza ndizi pembeni ya kona. Tela likikatika, halitachagua la kugonga.

Kwa hiyo kama wewe ni yule kijana wa Bombambili mwenye ndoto ya karavani, mimi ningekushauri hivi. Anza na tela, pikapu baadaye. Lipime likiwa na mzigo, maji na gesi ndani, kwenye mzani, usikisie. Hakikisha lina breki zake. Panga mzigo mzito juu ya ekseli, na kama asilimia 10 ya uzito wa tela ikae kwenye kifungio; ukipakia nyuma sana, tela litatikisa mkia hadi likuangushe. Kisha tafuta pikapu ambayo kikomo chake kinazidi uzito huo kwa nafasi ya kutosha, sio kwa kubanana. Angalia rejeta na breki kabla ya kuangalia redio. Uliza fundi wa mtaani kwako ana vipuri vya ipi. Na ukishuka, tumia gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo. Wazee wa Land Rover walijua hilo bila kusoma fizikia.

Hilux au Land Cruiser? Ukienda Njombe na Makambako mara kwa mara kwa lami, Hilux yenye tabo itakupeleka kwa raha na mafuta kidogo. Ukiingia vijijini Umatengo masika, mahali ambapo fundi ni mmoja na ana spana nne, Land Cruiser kongwe bado haijapata mpinzani. Zote mbili zitakuua kwa usawa ukishuka na nyutro.

Mpagazi wa 1905 hakuchagua mzigo wala njia. Manamba wa 1944 hakuchagua lori. Sisi ndio kizazi cha kwanza hapa Songea chenye nafasi ya kuuliza gari lipi, tela lipi, breki zipi. Itakuwa aibu kubwa uhuru huo tukiutumia kubishana kuhusu ukubwa wa injini tu.